Gari lina miezi mitano, asubuhi haliwaki: ni betri, alteneta au kuna kitu kinakula?

Unabonyeza kitufe cha kuwasha, taa zote za dashibodi zinamulika kwa pamoja kisha zinafifia, stata inagonga tek-tek-tek, basi. Kimya. Gari lina miezi mitano tu na waranti bado mbichi. Anakuja jirani, anaunganisha nyaya kutoka gari lake, lako linawaka. Anachukua mita, anapima betri huku injini ikinguruma, anasoma volti 12.6. “Alteneta haichaji,” anasema, yaani ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Kesho yake fundi mwingine anapima anapata 14.7. “Alteneta nzima, betri ndiyo imekufa.” Wa tatu anachomeka skana, anakuta hitilafu kumi na saba, anaanza kuzungumzia kubadilisha kompyuta.

Wote watatu wamesoma mita zao sawasawa, na wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Kazi yangu ni umeme wa magari, na jambo linaloniuma kuliko mengine ni betri nzima na alteneta nzima zinazong'olewa kila siku kwa sababu ya namba iliyosomwa bila kuulizwa imetoka wapi. Vipimo tulivyofundishwa kwa magari ya zamani havikuwa na kosa. Ila siku hizi kompyuta ndiyo inayoamua betri ichajiwe lini na kwa kiasi gani, kwa hiyo volti uliyoisoma haikuambii kitu mpaka ujue gari lilikuwa linafanya nini ulipoisoma.

Gari lisipowaka asubuhi, kuna maswali matatu, na kila moja lina kipimo chake. Betri ina uwezo wa kutunza chaji? Gari likitembea linairudishia chaji hiyo? Na gari likishafungwa, kuna kitu kinaendelea kula? Tatizo huwa kubwa pale mtu anapojibu swali moja kwa kipimo cha jingine.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya risasi na tindikali imegunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika sana. Ndani yake kuna seli sita zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa kama volti 2.1, ndiyo maana betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.7. Zile za kisasa zilizofungwa, zenye maandishi ya AGM, huwa juu kidogo, karibu na 12.8. Ukisoma 12.4 una robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo betri inaumia. Inaumia kweli, kwa sababu kila chaji inapotoka, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake. Ukiichaji mapema salfeti hiyo inarudi ilikotoka. Ukiiacha wiki kadhaa inageuka fuwele ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena.

Neno “kupumzika” hapo juu ndilo linalosahaulika. Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi hubeba chaji ya juujuu inayodanganya. Unaweza kusoma 12.9 kwenye betri iliyochoka kabisa, ukaenda zako umeridhika. Iache saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, au ukiwa na haraka washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, ndipo upime. Na hata hapo, volti inakuambia chaji iliyopo, haikuambii uzima wa betri. Ni kama ndoo na maji: unaweza kuwa na ndoo iliyojaa pomoni ambayo kumbe nusu yake ni mchanga. Kujua ukubwa halisi wa ndoo kunahitaji kuibebesha mzigo, kwa mashine ya kupima uwezo wa kuwasha, au kwa kuangalia volti wakati stata inazunguka. Betri iliyojaa, katika hali ya joto la kawaida, ikishuka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka, ina tatizo, au kuna waya unaokunywa njiani. Sisitizo liwe kwenye “iliyojaa”. Kupima uzima wa betri iliyoishiwa chaji ni kumpima mbio mtu ambaye hajala siku tatu.

Sasa tuje kwenye lile swali lililomchanganya jirani.

Katika magari ya zamani alteneta ilikuwa na kidhibiti chake kilichojua jambo moja tu: kushikilia volti kati ya 13.8 na 14.5 maadamu injini inazunguka. Ukipima ukapata chini ya 13.5 ulikuwa na haki ya kushuku. Magari mengi mapya yameondokana na utaratibu huo ili kuokoa mafuta. Alteneta ni mzigo kwa injini. Ikizalisha umeme mwingi, injini inachoma mafuta zaidi. Kwa hiyo kompyuta inaiambia alteneta ipumzike unapokanyaga mafuta, na ifanye kazi kwa nguvu unapoachia mguu au kufunga breki, wakati gari linakwenda kwa msukumo wake lenyewe na umeme unapatikana karibu na bure. Ili kuwe na nafasi ya kupokea umeme huo wa ghafla, kompyuta nyingi huiacha betri makusudi isijae kabisa, mara nyingi karibu asilimia 80.

Uamuzi huo unategemea kidude kidogo kilichokaa kwenye kibano cha waya hasi wa betri. Kiangalie ukifungua boneti: ni kama sanduku dogo la plastiki lenye soketi ya waya mwembamba. Hiyo ni sensa ya betri. Inapima mkondo unaoingia na kutoka, volti, na joto, na kuweka hesabu kama mweka hazina. Ndiyo maana volti 12.6 injini ikinguruma inaweza kuwa sahihi kabisa, na 14.7 au hata 15 inaweza kuwa sahihi vilevile, katika gari hilohilo, ndani ya safari moja.

Utaijuaje basi alteneta iliyokufa kweli? Iombe kazi. Injini ikiwa inanguruma, washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi mpaka mwisho na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Katika magari mengi kompyuta itaona mzigo na kuipandisha alteneta. Volti iliyokuwa 12.6 itaruka hadi 13.5 au zaidi. Ikibaki palepale na kuendelea kushuka, 12.5, 12.4, 12.3, hapo una sababu ya kuishuku. Njia bora zaidi ni skana inayoonyesha volti ambayo kompyuta imeagiza na volti iliyopatikana. Kompyuta ikiagiza 14.5 na alteneta ikatoa 12.4, mgonjwa umempata, au ni yeye au ni waya wake. Kompyuta ikiagiza 12.6 na ikapata 12.6, alteneta haina hatia. Kama kuna swali, ni kwa nini kompyuta imeagiza hivyo.

Kuna mtindo wa kizamani wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inafanya kazi ili kuona kama gari litazimika. Tafadhali usiufanye. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Ukiiondoa ghafla alteneta inaweza kurusha makumi ya volti kwa kitambo kifupi, na kitambo hicho kinatosha kuunguza vifaa ghali kuliko betri kumi.

Sensa hiyo ina jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Unapochaji betri kwa chaja au kuishtua kwa gari jingine, waya hasi usiubane kwenye kichwa cha betri. Ubane kwenye chuma cha injini au sehemu ya bodi ambayo kitabu cha gari kimeionyesha. Ukibana moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme unaingia kwa mlango wa nyuma, sensa haiuoni, na mweka hazina anabaki na hesabu ya uongo: betri imejaa, yeye anadhani ni nusu. Kubana mbali na betri kuna faida ya pili, cheche haitokei karibu na gesi ya haidrojeni inayotoka betri inapochajiwa.

Nani anakula usiku?

Hapa ndipo magari mapya yanapoteseka zaidi, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Gari likifungwa halizimiki lote. Kuna mitambo ya kielektroniki inayosubiri ishara ya ufunguo, king'ora na saa. Kiasi cha kawaida kwa magari mengi ni chini ya miliampea 50. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 itachukua karibu wiki tatu na nusu kupoteza nusu yake. Kwa hiyo gari lililoachwa mwezi mzima na kukataa kuwaka linaweza kuwa halina ugonjwa wowote.

Nitaeleza gari moja kwa kirefu kwa sababu lina karibu kila kitu ndani yake. Lilikuwa na miezi mitano, lilikuwa limeshabadilishiwa betri mara mbili, na bado kila Jumatatu asubuhi lilikuwa limekufa. Katikati ya wiki liliwaka bila shida. Hiyo pekee ilikuwa dalili nzuri: betri mbovu haijui kalenda. Mwenyewe alikuwa anaegesha Ijumaa jioni saa kumi na mbili na kurudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Saa 60 kamili.

Niliichaji betri mpaka ikajaa, nikaipumzisha, nikaipima: nzima. Kisha nikafungua boneti, nikazungusha kufuli ya boneti kwa bisibisi mpaka ikabana, ili gari liamini boneti imefungwa. (Ukifanya hivyo kumbuka kuiachia kabla hujaifunga boneti.) Nikafunga milango, nikabana mita ya kukumbatia waya kwenye waya hasi, nikakaa. Mita ilianza na ampea 6.8. Baada ya dakika tatu ikashuka hadi 2.1. Nikangoja. Ghafla ikapanda tena hadi 5. Ikashuka, ikapanda. Nikageuka nikamwona mwenye gari amesimama hatua mbili nyuma yangu, ufunguo uko mfukoni. Kila alipokaribia, gari lilimtambua na kuamka kumkaribisha. Tukaupeleka ufunguo mbali, tukaanza upya.

Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Gari jipya halilali kwa mkupuo. Kompyuta zake zinalala moja baada ya nyingine, na zote kumalizika kunaweza kuchukua dakika kumi, ishirini, mengine hata zaidi ya nusu saa. Anayepima baada ya dakika mbili na kutangaza kwamba gari “linakula ampea mbili” hajagundua chochote. Na anayefungua mlango kuchukua simu aliyoisahau ndani ameanza saa upya.

Ilipofika dakika ya 40 mita ilikuwa imetulia kwenye ampea 0.6. Nikajua sasa tunazungumza. Mara 60, ni ampea-saa 36 kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Betri ilikuwa ya ampea-saa 60, na kama kompyuta ilikuwa inaiacha kwenye asilimia 80, ina 48. Toa 36, zinabaki 12. Hapo kuwaka ni bahati.

Sikuchomoa fyuzi hata moja. Ukichomoa fyuzi na kuirudisha unaiamsha kompyuta iliyokuwa imelala, au unaizimisha iliyokuwa inasumbua na isirudie tena siku hiyo. Badala yake niliiweka mita kwenye milivolti na kugusa vile vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inaonyesha sehemu ndogo ya milivolti. Nilitarajia kuikuta moja. Nikakuta tano, za vitu visivyohusiana: redio, mlango, usukani. Hii ina maana moja, kwamba mtandao mzima wa mawasiliano wa gari ulikuwa macho kwa sababu kuna mmoja anayeendelea kuzungumza, na wengine wanalazimika kusikiliza. Nikainama chini ya usukani, kwenye soketi ya kuchomekea skana. Kulikuwa na kifaa kidogo cha kufuatilia safari, kikubwa kama kiberiti, kilichochomekwa wiki ya kwanza gari liliponunuliwa na kusahauliwa. Nilikichomoa. Baada ya robo saa mita ilisoma 0.02.

Si kila mara ni kifaa cha soketi. Kamera ya kioo iliyounganishwa kwenye fyuzi isiyozimika, redio iliyoongezwa, swichi ya buti isiyojua kwamba buti imefungwa, programu ya gari yenye kasoro ambayo mtengenezaji ameshatoa marekebisho yake, zote nimezikuta. Alteneta nayo inaweza kula: daiodi yake moja (kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) ikivuja, umeme unarudi kinyumenyume usiku kucha. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mwenye gari jipya ni nini kimeongezwa tangu lilipotoka, hata kama anaona ni kitu kidogo.

Ukitumia mita ya kawaida ya kuunganisha kwa mfuatano badala ya ya kukumbatia waya, jihadhari: nyingi mwisho wake ni ampea 10. Usiwashe gari wala kupiga stata ikiwa imeunganishwa, utaiunguza fyuzi yake.

“Mpya” haimaanishi betri mpya

Gari linaweza kukaa miezi kwenye meli na kwenye uwanja kabla halijakufikia. Muda wote huo linakula kidogo kidogo, betri nayo inajipunguza yenyewe, hasa kwenye joto. Likishuka chini linashtuliwa, linasogezwa mita hamsini, linazimwa. Likirudiwa hivyo mara nne, unapokabidhiwa ufunguo ile salfeti imeshaota. Betri hiyo itasoma 12.5 na kuonekana nzuri, ila mashine ya kupima uwezo itakuonyesha iko chini ya ilivyoandikwa mgongoni. Hii ni hoja halali ya waranti.

Kwenye safari fupi, stata husingiziwa kwamba ndiyo inayoimaliza betri, na hesabu haikubali. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde mbili imetumia ampea-saa 0.11 tu, sawa na ambacho gari lililolala linakula kwa saa mbili. Kinachoimaliza betri ni kukaa ndani nusu saa ukisikiliza redio huku kila kitu kimewashwa na injini imezimwa, ampea kumi au zaidi zikitiririka, kisha kuendesha dakika tano. Betri ya risasi hupokea chaji polepole, na ile sehemu ya mwisho hupokea polepole zaidi. Mzunguko wa nusu saa baada ya kushtuliwa unakufikisha nyumbani, haujazi betri. Ipe chaja usiku kucha.

Kama gari lako lina mfumo wa kuzima injini lenyewe kwenye foleni na mfumo huo umeacha kufanya kazi, usipuuze. Mara nyingi ni kompyuta imeona chaji haitoshi na inakataa kukuhatarisha, wiki kadhaa kabla ya asubuhi ile ya tek-tek-tek. Magari haya huja na betri za AGM au EFB, yaani za maji zilizoimarishwa. Ukiweka ya kawaida itakufa mapema. Na katika magari mengi betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta kwa skana, la sivyo itaendelea kuchajiwa kama ile iliyozeeka.

Zile hitilafu kumi na saba za skana? Volti ikishuka sana stata inapozunguka, kompyuta zinazimika katikati ya sentensi na kila moja inamshtaki mwenzake kwamba hajibu. Jaza betri kwanza, futa hitilafu, endesha, soma tena. Zitakazorudi ndizo za kweli.

Mwenye gari la mseto au la umeme mtupu asidhani haya hayamhusu. Nalo lina betri ndogo ya volti 12 inayoziamsha kompyuta. Ikiisha, betri kubwa imejaa lakini gari halifunguki. Tofauti ni kwamba halina alteneta ya kawaida: betri ndogo inachajiwa na kibadilishi kutoka ile kubwa, na hakuna stata ya kukuonya kwa kuzunguka kivivu. Vipimo vya betri ndogo ni vilevile. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

Yule mteja wangu wa Jumatatu alitaka nimwekee betri ya tatu kwa ajili ya usalama. Nilikataa. Nilimrudishia gari na betri ileile, nikamwomba aliegeshe Ijumaa kama kawaida na anipigie kabla hajaligusa. Jumatatu nilifika na mita, ufunguo ukiwa bado sebuleni kwake. Boneti niliiacha wazi tangu Ijumaa, kufuli yake imebanwa, ili nisihitaji kuliamsha gari. Betri ilisoma 12.5.